Fundi na kidaka: kisa cha pumzi inayokatika usingizini

Alikuja kushonwa kidole. Ilikuwa saa nne asubuhi, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha kanga kilicholowa damu, na ncha ya kidole cha shahada imepitiwa na msumeno wa mashine. Nikamuuliza imekuwaje, maana mtu huyu ana miaka 30 katika useremala na mikono yake inaujua msumeno kama ulimi unavyoyajua meno. Akajibu, "Nilipitiwa tu, daktari." Nikamshona nyuzi tano. Nilipogeuka kuandika kwenye daftari nikasikia mkoromo nyuma yangu. Kalala, kaketi wima, ganzi haijamtoka.

Kisa ni cha hapa Chake Chake, Pemba, na mwenyewe ameniruhusu nikiandike madhali simtaji jina na nimebadilisha mambo mawili matatu. Nitamwita Fundi, mtaani kwao ndilo jina lake vilevile. Ana miaka 54. Nakiandika kwa sababu tulibishana sana, mimi, yeye, mkewe na mpwa wake wa Dar es Salaam, juu ya tiba ipi ya maradhi ya pumzi kukatika usingizini imfae, na katika mabishano hayo niligundua kwamba orodha ya tiba niliyokuwa nayo kichwani ilipangwa kwa nyumba isiyo yake.

Aliyoyasema mkewe

Mkewe alikuwa barazani akisubiri. Mgonjwa wa namna hii hana la kueleza, kwa kuwa maradhi humjia akiwa hayupo. Shahidi ni anayelala naye. "Huyu usiku hukabwa, mwanangu," alisema. "Hukoroma mpaka kuku bandani wanaamka, kisha kimya. Mimi nahesabu. Nikifika ishirini na tano namsukuma, naye hushtuka kama mtu aliyetolewa majini."

Nyumbani walikwisha kukata shauri kuwa ni jinamizi. Alikunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, siku saba. Sikubishana nao. Kwa Mpemba anayeukumbuka mwaka 1995, mwaka wa hofu ya popobawa, zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, watu walipotoka majumbani wakalala nje makundi makundi, kukabwa usiku si neno la mzaha. Nilisema tu kombe halizuii kipimo, na kipimo hakizuii kombe.

Kilichonitia hofu ni kitu kingine. Kwa kuwa mchana alikuwa akisinzia, Fundi aliona usiku halali vya kutosha, akaenda duka la dawa kununua vidonge vya usingizi. Alikuwa navyo mfukoni, diazepamu, na alivimeza karibu kila usiku kwa wiki tatu. Vidonge hivyo huzidi kulegeza misuli ya koo na huupumbaza ubongo usishtuke haraka pumzi inapokatika. Kwa hiyo tiba ya kwanza kabisa katika kisa hiki ilikuwa kumwachisha dawa, na hiyo haikuhitaji safari ya boti.

Kinachotokea kooni

Nyuma ya ulimi, koo ni bomba laini lisilo na mfupa wa kulishikilia. Mchana misuli huliweka wazi. Usiku misuli hulegea, na kwa mwenye shingo nene, taya fupi au ulimi mkubwa, kuta za bomba hushikana kila anapovuta pumzi, kama mrija wa karatasi uliolowa ndani ya glasi ya juisi ya miwa: kadiri unavyonyonya ndivyo unavyobanana. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, moyo huenda mbio, presha hupanda, mtu hukoroma kwa nguvu, na mzunguko unaanza upya. Yeye hakumbuki hata moja. Asubuhi anajua tu kuwa kichwa kinamuuma.

Nilimpima: kilo 84, urefu sentimita 170, shingo sentimita 43. Kwa mwanamume, shingo inayopita sentimita 40 ni dalili ya kuulizia usingizi. Presha 162 kwa 98, naye anameza dawa tatu za presha, na mkewe anaapa kuwa hakosi. Presha inayokataa dawa tatu ni mlango mwingine wa kuingilia katika maradhi haya, na nakiri kwamba alipita mikononi mwa wengi wetu, nikiwemo mimi, tukiongeza vidonge bila kumuuliza anavyolala.

Kisha nikamsomea maswali manane ya usingizi wa mchana aliyoyatunga Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu, na anayezidi 10 si wa kawaida. Moja huuliza je, husinzia ndani ya gari lililosimama kidogo kwenye foleni? Pemba foleni ya magari ni ya kutafuta kwa tochi, nikaligeuza liwe gari linalosubiri abiria stendi. "Hapo hata halijajaa nimeshafika," alisema. Jumla 17.

Kipimo

Alivuka kwenda Dar es Salaam, akapewa kijimashine cha kwenda nacho kulala kwa mpwa wake: mkanda wa kifua, kirija cha puani na kibano cha kidole chenye taa nyekundu. Kibano kilivishwa mkono wa kulia, kwa kuwa kidole cha kushoto kilikuwa bado na nyuzi.

Majibu: matukio 38 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Oksijeni ilishuka mpaka asilimia 71. Lakini mstari niliousoma mara mbili ulikuwa wa ukurasa wa pili: akilala chali ni 52 kwa saa, akilala ubavu ni 19.

Chini kabisa palikuwa na sentensi moja ya tiba, mashine ya CPAP, ya kupuliza hewa puani usiku kucha, ambayo wenyewe wanaiita sipapu. Aliyeiandika hakukosea. Ila kutoka sentensi ile mpaka Fundi kulala nayo ilichukua miezi mitano.

Tulivyozichambua tiba

Mpwa, kijana wa simu, alianza na upasuaji. Alishaona video. Upo upasuaji wa kukata kimio na sehemu ya kaakaa laini, uliotangazwa na Fujita na wenzake mwaka 1981. Huuma sana, na kwa mtu mzima ambaye mafindofindo yake ni madogo na kizuizi kipo nyuma ya ulimi, matokeo yake ni bahati nasibu. Fundi ni wa kundi hilo hasa. Niliufuta. (Msiyachukue maneno haya mkayapeleka kwa mtoto mwenye mafindofindo makubwa anayekoroma, kwa mtoto huyo kuyaondoa huwa ndiyo tiba ya kwanza.) Kifaa cha kupandikizwa kifuani kinachoushtua mshipa wa fahamu wa ulimi kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014, na sindano ya tirizepataidi, dawa ya kupunguza uzito, iliidhinishwa huko Desemba 2024 kwa wenye unene uliokithiri na maradhi haya ya wastani au makali. Fundi uwiano wake wa uzito na urefu ni 29, hajafika kwenye unene wa wale waliofanyiwa utafiti. Hapo hatukukaa.

Tulipokaa ni kwenye kifaa cha mdomoni. Fundi alikipenda mara moja: kidogo, hakitaki umeme, hakina mpira wa kumzonga. Kinashika meno ya juu na ya chini na kulivuta taya la chini mbele, ulimi nao unasogea, njia inafunguka. Kwa ugonjwa mwepesi au wa wastani, na kwa walioshindwa na mashine, ni mshindani wa kweli. Hupunguza matukio kidogo kuliko mashine, lakini watu hulala nacho saa nyingi zaidi, kwa hiyo usingizi wa mchana na presha mwisho wake hukaribiana. Angekuja mtu mwenye meno kamili na matukio 18, ningemtajia hiki kabla ya chochote.

Fundi hana meno kamili. Magego ya chini yameng'oka yote, na ya mbele yamebaki sita, mawili yanacheza. Mpwa hakunisubiri; akamwagizia mtandaoni kile cha kulainisha kwa maji moto na kuuma. Usiku wa nne akaja kwangu kakishika mkononi pamoja na jino. Ukikitundika kifaa cha kuvuta taya kwenye meno yanayocheza unakuwa umenunua koleo la kung'olea polepole.

Uzito. Kupungua asilimia 10 ya uzito hupunguza matukio kwa takriban robo. Kwa Fundi ni kilo 8 na kitu, na robo ya 38 inamwacha karibu na 28. Ni jambo la kufanya, tena kwa presha yake lina thamani peke yake, lakini ni kazi ya miezi, na msumeno unamsubiri kesho asubuhi. Tulikubaliana wali wa usiku urudi mchana, mkate wa kusukuma (chapati) uwe mmoja, na chai isiwe ya vijiko vinne.

Kidaka

Hapa ndipo Fundi alipochukua usukani. Nilimweleza tofauti ya chali na ubavu, 52 na 19, nikamwambia kuna watu ng'ambo hushona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ili wakigeuka chali uwachome. Akacheka. "Mpira wa tenisi niutoe wapi? Si mnazi upo." Akaokota kidaka, nazi changa iliyoanguka, chini ya mnazi, kikubwa kiasi cha yai la bata, mkewe akakishonea mfuko wa kitambaa katikati ya mgongo wa fulana kuukuu, kati ya mabega. Kidaka cha kulinda kidaka tonge, yaani kimio, nilisema mimi, wala hawakucheka.

Kulalia ubavu wa kulia ni sunna, kwa hiyo shauri hili halikuhitaji kuuzwa. Alikuwa akilala hivyo kila siku. Tatizo usingizi ukikolea mwili hujigeuza wenyewe. Kidaka kilimzuia. Wiki ya pili mkewe aliniambia kimya cha kuhesabu kimepungua zaidi ya nusu. Fundi pia aliinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, sentimita 15 kila kimoja, na hilo nalo husaidia kidogo. Alama za usingizi wa mchana zikashuka kutoka 17 mpaka 13.

Hapo karibu tulegee. Bure, bila umeme, na mgonjwa ameridhika. Lakini ubavuni alikuwa bado na 19, yaani ugonjwa wa wastani, kwa mtu anayesukuma mbao kwenye msumeno. Nikamkataza mashine ya kupasulia mpaka nimruhusu, arande na kupiga msasa tu. Alinuna. Kazi ya kupasua akampa kijana wake, na mapato yakapungua.

Mashine, umeme na chandarua

Sipapu ilibuniwa Sydney na Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981. Kabla yake, aliyezidiwa alitobolewa koo. Inapuliza hewa ya kawaida, wala si oksijeni kama wengi wanavyodhani, kwa shinikizo dogo kupitia puani, na hewa hiyo hulishikilia koo wazi kama upepo unavyolijaza tanga. Ikiwa usoni, inafanya kazi karibu kwa kila mtu. Ikiwa kwenye kabati, haimfai yeyote.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 2,700 wenye maradhi ya moyo au waliowahi kupata kiharusi. Sipapu haikuwapunguzia mashambulizi mapya ya moyo wala kiharusi, ingawa kusinzia kwao mchana kulipungua na hali zao zikawa bora. Wastani wa kuivaa ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo sikumwahidi Fundi kuwa mashine itamkinga na kiharusi. Nilimwahidi kuwa atakuwa macho mbele ya msumeno.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeme ukikatika?" Ni swali la mtu mwenye akili. Pemba ilipata waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla yake ilikuwa majenereta. Na hakuna Mzanzibari aliyesahau miezi karibu mitatu ya giza Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Tukapiga hesabu nyuma ya bati la msasa kwa kalamu yake ya seremala. Mashine bila kiongeza unyevu hula kama wati 40. Kwa saa saba ni wati-saa 280, hata theluthi moja ya uniti ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haifiki. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, na ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo 600: siku mbili za giza. Ukiwasha kiongeza unyevu, matumizi huweza kuzidi maradufu na hesabu inabaki ya usiku mmoja. Hewa ya Pemba ina unyevu wa kutosha na wa kugawa. Tukakizima.

Mashine ya kwanza ilitoka Muscat, kwa ndugu aliyerithi ya marehemu babake. Iko kama mpya, ya bure. Nilipotazama nambari zake nikakuta ni ya aina ambayo kampuni iliyoitengeneza ilitangaza mwaka 2021 kuzirejesha, mamilioni yake, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele iliyo ndani yaweza kumeng'enyeka na mtu akaivuta. Joto na unyevu huzidisha jambo hilo, na kwetu tuna vyote viwili. Kumwambia mtu kuwa zawadi ya marehemu haifai ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona kidole. Mwenye kuletewa mashine iliyotumika, kabla hajaiwasha aitazame nambari yake kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Ya pili ilinunuliwa Dar, mpya. Nusu ya bei ilitoka kwenye fungu lake la karafuu za shamba la urithi, nusu mpwa.

Barakoa nayo ikawa na hadithi yake. Waliyompa ilikuwa ya kufunika pua na mdomo, na Fundi ana ndevu nzuri nyingi. Hewa ikawa inavujia ndevuni kwa mlio kama wa birika. Kunyoa hakukuzungumzwa. Tuliibadilisha kwa ile ndogo yenye vipuli viwili vya kuegemea tundu za pua, haigusi ndevu kabisa. Kisha chandarua: ukiupitisha mpira wa hewa chini ya chandarua, unakiinua na mbu wanaingia, ukiiweka mashine ndani, inaanguka. Mkewe alikata tundu usawa wa mto, akashonea mkono wa kanga wenye lastiki, kama mkono wa gauni la mtoto. Mpira unapita, lastiki inakaza. Nimeshawaonyesha wauguzi wawili.

Baada ya alfajiri

Wiki ya kwanza kumbukumbu ya mashine ilionyesha saa mbili na dakika kumi kwa usiku. Wiki ya sita, saa tano na dakika arobaini, matukio yaliyobaki 4.6. Lakini Fundi akawa bado analalamika kichwa kizito asubuhi, na alama zake zimekwama 11.

Nilitazama saa za kuvua barakoa. Kila siku, bila kukosa, saa kumi na nusu alfajiri. Anavua, anatia udhu, anakwenda msikitini, anarudi, na kisha? "Najinyoosha kidogo mpaka saa moja na nusu." Bila barakoa, bila fulana ya kidaka, chali. Usingizi wa ndoto hujaa zaidi kuelekea asubuhi, na ndani yake misuli ya koo hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Alikuwa akiyapata matukio yake mabaya kuliko yote baada ya swala. Tukakubaliana: ama avae tena akirudi, ama asilale. Amechagua kuvaa. Wiki tatu baadaye alama zilikuwa 7, nikamrudishia msumeno.

Presha yake sasa ni 146 kwa 90, dawa zilezile tatu. Nilitarajia zaidi, na kilo zimeshuka tano tu. Tutarudia kipimo akifika 76.

Usiku wa kukatika umeme betri ikiisha, anarudi kwenye fulana. Kidaka kilikwisha kunyauka, kwa hiyo amekereza tufe la mti wa mfenesi, laini, limepigwa msasa, zuri mno kwa kazi ya kumchoma mtu mgongoni. Ameshatengeneza jingine kwa ajili ya shemeji yake wa Wete. Nimemwambia shemeji aje kwanza apimwe.